Isolo ya Mashimo Saba

Roza alijua kuna jambo mara tu alipomwona ndama akilamba chumvi ndani ya ubao wa baba yake.

Alikuwa ametoka nyumbani kwake Iyunga mapema asubuhi, akapata lori la mpunga lililokuwa linarudi tupu, akashuka Igurusi na kuingia mbugani kwa miguu, viatu mkononi. Masika ya Usangu hayamwonei haya mtu mwenye viatu. Kila mwisho wa mwezi aliifanya safari hiyo, akimpelekea baba yake sukari, sabuni na dawa ya kifua, na kila mara alimkuta mahali pale pale: chini ya upenu wa ghala, juu ya kigoda, ubao wa isolo, bao la Wasukuma, mbele yake, na jirani yake Mzee Kalinga upande wa pili akilalamika kwamba ameibiwa kete. Siku hiyo upenu ulikuwa mtupu. Ubao ulikuwa zizini katikati ya ndama, na kila shimo lilikuwa limejazwa chumvi ya ng'ombe kwa usawa, kazi ya mtu aliyeifanya kwa makini.

Baba yake, Mzee Nkuba, alikuwa ndani, amelala. Huyu hakuwa mtu wa kulala mchana hata alipokuwa mgonjwa.

Roza hakuzoea kuzungukazunguka. Alikuwa bibi shamba mwenye stashahada ya kilimo, na mshahara wake ulitokana na kuwaambia wanaume waliomzidi umri kwamba mahindi yao yamepandwa vibaya. Akatua mzigo, akamwamkia baba yake, akauliza ubao umefanya kosa gani.

"Umerudi kwenye kazi yake," baba yake akasema. "Ulikuwa kihori. Sasa ni kihori."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Nkuba alihama Shinyanga muda mfupi baada ya uhuru, akaja na mke, ng'ombe, binti mmoja wa shule na ubao wa isolo uliochongwa na baba yake: mistari minne, kila mstari mashimo manane. Ng'ombe walifika salama. Ubao pia ulifika salama, halafu mchwa wa Usangu wakaula kabla hata nyumba haijaezekwa. Mwanzoni Nkuba alichimba mashimo ardhini kama wachungaji wanavyofanya, lakini udongo ule mweusi wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kete, na wakati wa mvua hugeuka uji. Ndipo Kalinga, Msangu aliyewaonyesha mahali pa kulishia, alipoleta kihori chake cha kulishia ndama kilichopasuka upande mmoja. Walikigeuza, wakachonga upande wa mgongo. Mashimo saba yalienea vizuri. La nane lingeangukia kwenye ufa.

"Tutapata gogo refu," Nkuba alisema. Aliyasema maneno hayo kila mwaka kwa miaka kadhaa, halafu akaacha kuyasema.

Badiliko moja likaita jingine. Ubao ukiwa mfupi, aliyeanza alimmaliza mwenzake kabla kiko hakijazimika, na mchezo ukakosa utamu. Kwa hiyo Kalinga akaleta desturi ya kugeuka: mtu anayezidiwa anaruhusiwa, mara moja tu katika mchezo, kugeuza mwendo wa kete zake zirudi zilikotoka. Kama desturi hiyo ilikuwa ya kwao au aliibuni papo hapo, hakuna aliyeweza kuthibitisha, maana Kalinga mwenyewe alitoa jibu tofauti kila alipoulizwa. Tena, huko Shinyanga kulikuwa na isolo ya watoto, isolo ya wanawake na isolo ya wanaume, na mtu alipanda kutoka moja kwenda nyingine kadiri alivyokua. Usangu hawakuwapo watu wa kutosha kugawanywa namna hiyo. Wakacheza wote mchezo mmoja. Roza mwenyewe alijifunza kwenye kihori kile, magoti chini, akibishana na wazee, na mama yake alikuwa akimfunga Kalinga huku anachambua mboga. Mchezo ulipotea njia kama ng'ombe anavyopotea, akifuata majani. Hakuna aliyeona hatua aliyoachia njia.

Haya yote Roza aliyajua. Asilolijua ni kilichotokea mwezi huo, na kwa kuwa baba yake alirudisha uso ukutani, akaenda kumuuliza Kalinga.

Kalinga alimweleza bila kuficha, hata sehemu iliyomhusu. Kaka yake Nkuba, Mzee Seni, alikuwa amefika kutoka Shinyanga. Alisema amekuja kuona ng'ombe wa ukoo. Aliwaona kwa muda mfupi sana. Jioni alikuja upenuni mwa ghala, akasimama nyuma ya wachezaji, akaangalia mchezo mmoja mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mdogo wake mchezo ule unaitwaje. Nkuba akajibu kwamba ni isolo.

"Isolo ya nani?" Seni akauliza. Akainama, akakusanya kete zote kiganjani, akaziweka chini kwenye vumbi. "Ng'ombe uliokuja nao wote wana miguu minne mpaka leo. Isolo peke yake ndiyo umeikata mguu."

Akafungua ngozi ya ndama aliyobeba mgongoni na kutoa ubao. Mti mgumu, mweusi kwa mafuta, mashimo manane. Kalinga, ambaye hakupenda ukimya, alisema kwamba nane ni ya watu wenye vidole vya ziada. Watu wote wakacheka isipokuwa ndugu wawili.

"Mimi nilidhani ni utani, Mama Yotamu," Kalinga alimwambia Roza, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Mtani angenijibu. Yule alinitazama kama mtu anayehesabu mbavu zangu."

Tangu jioni ile Nkuba hakugusa kete. Sasa Roza akarudi ndani na kuuliza lililobaki, na baba yake akamjibu kwa sauti ndogo kwamba anarudi Shinyanga na kaka yake. Moja kwa moja. Ng'ombe atawaacha kwa wachungaji mpaka Roza aamue la kufanya.

Roza alimpa sababu kama anavyowapa wakulima, moja baada ya nyingine. Kifua chake hakiwezi safari hiyo. Nyumba ya Shinyanga ilishabomoka. Mama amezikwa hapa, hatua chache kutoka mlangoni. Baba yake alikuwa na jibu kwa kila sababu: kifua kitauma popote, nyumba hujengwa, mama yako hatakasirika. Sababu ya mwisho ilikuwa kwamba yeye, Roza, yuko hapa, na hana mzazi mwingine wala ndugu wa tumbo moja. Hiyo baba yake hakuijibu. Alisema jambo jingine.

"Nimekaa huku nikijisemea kwamba nimehama na kila kitu, sikuacha kitu. Kumbe kila kilichofika nimekikata. Nataka kufa nikiwa na kitu kimoja kizima."

Mzee Seni, ambaye Roza hakumkuta alipofika, sasa alikuwa amekaa nje, mrefu, mwembamba, miguu imenyooka mbele yake, akipaka ubao wake mafuta. Alimpokea Roza kwa heshima zote, akamuuliza habari za watoto, akamuuliza za kazi. Ilikuwa vigumu kumchukia, na hilo lilimuudhi Roza zaidi.

Mumewe, Andendekisye, aliyekuwa fundi wa reli pale stesheni ya Iyunga, alipopata habari alisema mtu mzima hafungwi kamba. Roza akamjibu kwamba hata ng'ombe hafungwi kamba, huzungushiwa ua. Akaomba likizo ya siku chache kazini, akasema atawasindikiza wazee mpaka Iringa, ambako wangepanda basi la Dodoma na kutoka hapo treni. Hakuwa na mpango wowote. Alihitaji tu kuwa nao muda mrefu zaidi, na barabara kutoka Igurusi mpaka Iringa ni ndefu ya kutosha kwa mtu kubadili nia. Baba yake hakubadili nia. Alilala kuanzia Makambako.

Iringa walifikia Kihesa, kwa Lea, mwalimu aliyelala kitanda cha jirani na Roza walipokuwa shule ya bweni. Lea aliwapokea mlangoni kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na maji ya moto ya kunawa, akawapa wazee chumba cha watoto, watoto akawahamishia sebuleni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mji, na mvua ilinyesha bila haraka. Roza alipokwenda stendi kuulizia basi aliambiwa barabara ya Dodoma imekatika, maji yamevuka. Pengine Alhamisi, akasema mkata tiketi, kwa uso wa mtu asiyeiamini Alhamisi.

Basi wakakaa. Na kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe wa kuangalia wala shamba la kwenda, Mzee Seni akafungua ngozi yake, akaweka ubao juu ya meza ndogo barazani, akamwita mdogo wake.

Roza aliwatazama akiwa amekaa mlangoni na ungo wa mchele. Baba yake alicheza kama mtoto anayesoma kwa kufuata kidole. Mkono wake ulizoea kufika shimo la saba na kukunja kona. Hapo ulisimama, ukakumbuka, ukasogea la nane. Kila alipozidiwa alinyanyua kete kugeuka, akakumbuka tena, akazirudisha. Seni alimshinda. Akapanga kete, akamshinda tena. Hakumcheka. Alisahihisha kwa upole, "hapana, Nkuba, hapo huli," na Nkuba akaitika "ndiyo, Kaka," na mchezo ukaendelea kimya kama watu wanaopukuchua mahindi ya mtu mwingine. Upenuni mwa ghala mchezo mmoja haukuwahi kupita bila mtu kutukaniwa ukoo.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Roza akaacha kumtazama baba yake, akaanza kumtazama baba mkubwa. Mshindi alikuwa haonyeshi furaha yoyote. Alikuwa anacheza kwa mkono mmoja na kutazama mkono wa mdogo wake kwa njaa, akingoja ufanye jambo asilolitegemea. Haukufanya.

Mchana wa siku hiyo, Lea akiwa anamenya viazi kwenye ngazi ya jikoni, Roza aliweka ungo chini.

"Baba mkubwa," akasema, "huko nyumbani unacheza na nani?"

Seni alikuwa anapanga kete. Aliendelea kupanga. "Watu wapo."

"Nani?"

"Roza," baba yake akasema.

"Nimeuliza jina tu, Baba."

Mzee akataja jina la Faustin. Kisha akaongeza mwenyewe kwamba Faustin alifariki mwaka ule wa operesheni, watu walipohamishiwa vijijini. Akataja mwingine, Magesa. Lakini Magesa alipangiwa kijiji cha ng'ambo ya kilima, na sasa macho yake hayaoni mashimo. Roza akauliza wanawe. Wanawe, alisema, wanacheza drafti dukani kwa vizibo vya soda, mchezo wa kelele. Aliwaita mara nyingi. Walikuja mara moja, kwa adabu, wakashindwa, wakashukuru, wakaondoka. Isolo ya wanaume ile ya kweli, kama yeye na Nkuba walivyoachiwa na baba yao, ilikuwa imebaki kwenye ubao huu na kichwa hiki.

Kisha akasema, akitazama mikono yake:

"Ninacheza na mkono wangu wa kushoto. Wa kulia unashinda. Siku nyingine nauhurumia wa kushoto, nauacha upite, lakini ukishauachia hakuna raha tena."

Kisu cha Lea kilisimama juu ya kiazi.

Roza alidhani amefika. Alidhani baba yake sasa amesikia kwamba kile kitu kizima anachokifuata Shinyanga hakina mtu wa kukicheza, kwamba kaka yake aliyemwaibisha mbele ya watu alikuwa maskini kuliko yeye. Akamgeukia. Baba yake hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Sasa umejua kwa nini ninakwenda," Nkuba akasema. "Mtu habebi ubao wa mti ule mgongoni kutoka Shinyanga mpaka Igurusi ili aje kuona ng'ombe."

Kumbe alijua tangu jioni ya kwanza. Aibu ilikuwepo, hakuikana. Lakini juu ya aibu alikuwa amemwona kaka yake, mkubwa wake, aliyemfundisha kukamua, akiwa amesafiri nusu ya nchi kutafuta mtu wa kukaa upande wa pili wa ubao. Mtu kama huyo harudishwi peke yake. Kuhusu Kalinga, Nkuba alisema, Kalinga ana watu, kila mtu mbugani anajua kucheza upuuzi wetu ule. Alilitamka neno "upuuzi" kwa upole, kama mtu anayetaja jina la mbwa wake wa zamani.

Roza alikuwa amezoea swali lake kufungua mlango. Hili lilikuwa limeufunga. Aliinuka, akaingia jikoni, akamwaga maji ya viazi vya kwanza vilivyokuwa vimeiva, akaungua kidole. Lea alimwambia aache, akae, alie kidogo kama anataka. Roza akajibu kwamba akilia viazi vitapoa.

Alisimama pale na sufuria, akiwatazama wazee kupitia mlangoni. Hakuweza kumlaumu baba yake. Kama angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo. Asingeweza pia kumwomba baba mkubwa abaki Usangu, maana alikwisha kusema njiani, tena mara mbili, kwamba haketi mbele ya kihori hata kama atakufa kwa upweke. Hicho ndicho kilikuwa kikwazo, kihori chenyewe, urefu wa gogo. Roza alikuwa mtu wa vipimo. Akautazama ule ubao mweusi kama anavyotazama shamba, na akaona jambo ambalo lilikuwa rahisi mno hata akakasirika kwamba halikumjia mapema.

Akapakua viazi kwenye sahani kubwa ya bati. Akatoka barazani. Akaiweka sahani juu ya ubao, mwishoni, ikafunika mashimo ya nane ya mistari yote minne.

"Iondoe sahani," Seni akasema.

"Ni ya moto, Baba mkubwa, imenichoma mkono. Mle. Na mcheze."

"Tutachezaje na sahani hapa?"

Baba yake alikuwa anaangalia ubao. Alihesabu kwa macho, hakuna aliyehitaji kumwambia. Polepole akazitoa kete za ziada, akazipanga nyingine kwenye mashimo yaliyobaki, za kwake na za kaka yake, mistari minne ya saba. Mkono wake haukusita popote.

"Kaka," akasema, "viazi vya watu tumeshapewa. Kuviondoa ni ufedhuli. Anza."

Seni alikaa muda mrefu ameshika goti. Labda ilikuwa heshima kwa Lea, aliyesimama mlangoni na chumvi. Labda ilikuwa ile njaa. Akanyoosha mkono akaanza.

Alicheza kwa dharau mara ya kwanza, kama mtu mzima anayewekwa kwenye kiti cha mtoto, na Nkuba akamla mstari mzima wa mbele. Mara ya pili alicheza kwa hasira. Mara ya tatu alicheza. Na Nkuba akaamka. Roza aliona mgongo wake ukinyooka, akasikia ulimi wake ukirudi. Alimuuliza kaka yake kama anashika kete au anakamua. Alimwambia Lea kwamba huko kwao huyu mzee ndiye aliyesifiwa, na fikiria basi wale wasiosifiwa walikuwaje. Lea, Mlutheri wa kwaya, akacheka mpaka akashika mlango.

Seni alizidiwa. Kete zake zilibaki chache, zimesongamana kona moja, na kila njia aliyopima ilimpeleka mdomoni kwa mdogo wake. Akapima tena. Akachukua kiazi, akakitafuna, akameza.

"Ile ya Kalinga," akasema bila kuinua uso. "Ya kugeuka. Ni ya wenyeji tu, au hata mgeni anaruhusiwa?"

Nkuba alijitahidi kutotabasamu. "Mara moja tu."

Seni akageuka. Akazirudisha kete zilikotoka, moja moja, zikatua, zikaendelea, akala mashimo matatu kwa mkupuo, na sauti ikamtoka ambayo Roza hakuwahi kuisikia kwake, kicheko kifupi, chenye kukwaruza, cha kitu kisichotumika siku nyingi. Alishindwa hata hivyo. Akapanga kete mwenyewe bila kuambiwa, akailinda sahani isisogee.

Alhamisi mvua ilikatika na stendi ikajaa watu. Roza alikuwa amefunga mizigo yao na chakula cha njiani, maana hakutaka isemwe baadaye kwamba aliwachelewesha. Mzee Seni alitoka chumbani amevaa koti, ubao umefungwa ngozini. Akamuuliza Lea kwa adabu:

"Basi la Mbeya linaondoka saa ngapi?"

Alitoa sababu zake wakiwa njiani kwenda stendi, na hakuna aliyemwomba. Kwamba maji ya Dodoma hayaaminiki. Kwamba si vibaya kungoja mpunga uvunwe. Kwamba kuna bwana mmoja huko aliyesema habari ya vidole vya ziada, naye hakumjibu wakati ule kwa kuwa alikuwa mgeni.

Alibaki mavuno yale, na yaliyofuata. Kihori kilisuguliwa mpaka chumvi ikatoka, kikarudi upenuni mwa ghala. Roza aliporudi Iyunga alimweleza mumewe kwamba mambo yameisha vizuri: wazee watacheza isolo ya kwao asubuhi na ya Usangu jioni, kila moja mahali pake, hakuna kitakachopotea. Alikuwa amekwisha kuipangia ratiba.

Haikuwa hivyo. Mwanzoni Seni alishikilia kwamba mchezo wa kwanza wa siku uwe wa mashimo manane, kwa heshima ya marehemu baba yao, na Nkuba alikubali, na Kalinga alingoja pembeni akipiga miayo kwa sauti. Halafu mchezo huo ukaanza kurukwa siku za mnada. Halafu siku za mvua. Halafu palitokea siku ambayo Kalinga alifika mapema, akamkuta Seni peke yake, wakaanza moja kwa moja na kihori, na baada ya hapo Roza hakumkuta tena mtu ameuweka ubao mweusi mbele yake. Mzee Seni alifariki katika baridi ya mwaka wa sabini na tisa, kifua, siku chache kitandani. Alizikwa Usangu, karibu na mama yake Roza. Watu waliomfahamu kwa utani wake walikuwa wengi kuliko ambavyo angewapata Shinyanga, na hilo Roza alilihesabu kuwa faida.

Ubao ulikuja Iyunga, kwa kuwa baba yake alisema kihori kinamtosha. Watoto waliuweka barazani. Walicheza kwa mashimo saba, kama walivyofundishwa na babu, na katika safu ya nane Yotamu alitunza vifungo na kofia ya kalamu yake. Roza alipokuwa akiufuta vumbi aliona kwamba mashimo saba yalikuwa laini na yenye kung'aa kwa vidole vya watu, na yale ya mwisho yalikuwa yameanza kufifia, yakikauka, mikwaruzo ya patasi ikionekana tena.

Siku moja alivitoa vifungo, akapanga kete zote, mashimo manane kila mstari, amwonyeshe Yotamu jinsi babu yake mkubwa alivyocheza. Akacheza mwendo wa kwanza. Akacheza wa pili. Akasimama. Kule Kihesa alikuwa ametazama nyuso zao siku zote mbili. Mikono aliiona, hakuifuata.

Mwisho wa mwezi alimuuliza baba yake. Mzee Nkuba alifikiri sana, mkono wake ukitembea hewani juu ya mashimo yasiyokuwepo, ukafika mahali, ukakunja kona.

"Ya nane?" akasema. "Seni ndiye aliyekuwa anaijua."

Kisha akauliza kama ameleta sukari. Roza akaitoa, nusu kilo tu, maana mwaka huo ilikuwa haipatikani, na alitaka kusema kitu zaidi, lakini baba yake alikuwa anatazama njia inayotoka kwa Kalinga, ambayo ilikuwa tupu, na kete zilikwisha kupangwa.

"Amechelewa huyu," akasema. "Kaa hapo kwake. Anza wewe."